Warsha ya HROC: siku tatu chumba kimoja na majirani msiosalimiana

Nimeona niandike hii maneno vizuri mara moja, ju kila uchaguzi ukikaribia watu wa huku kwetu Lugari, magharibi mwa Kenya, wanaanza kuulizana kama zile warsha za uponyaji za kanisa la Marafiki, yaani Quaker, zinazoitwa HROC, ni za maana ama ni zile tu za kukula chapati, kupigwa picha na kurudi nyumbani. Mimi nimekaa kwa moja mwanzo mpaka mwisho na pia siku ya kurudi, ile ya kukutana tena baada ya kama mwezi, na kwetu nyumbani tumeongea juu yake sana. Jibu langu ni enda. Lakini enda ukijua unaenda kufanya nini, na ujue pia kitu gani hautapewa huko, kwa sababu watu wengine wanatoka wamekasirika juu ya kitu ambacho hakuna mtu aliwaahidi.

Kwa wale hawajui, HROC (Healing and Rebuilding Our Communities) ni mpango wa kuponya na kujenga upya jamii zetu. Ulianza Rwanda na Burundi mwaka wa 2003, ukatengenezwa na Marafiki wa huko wenyewe pamoja na shirika la Quaker la African Great Lakes Initiative, alafu baada ya vurugu za uchaguzi wa 2007 ukaletwa Kenya, na Kongo pia ukaingia. Kuueleza ni rahisi. Watu kama 20, kumi wa upande huu na kumi wa upande ule, wanakaa chumba kimoja siku tatu. Rwanda hiyo inamaanisha waliookoka mauaji ya 1994 wakikaa na watu waliotoka jela kwa makosa hayo hayo ama familia zao. Burundi ni Wahutu na Watutsi wa vijiji vilivyochomana baada ya Rais Ndadaye kuuawa Oktoba 1993. Huku kwetu ni Waluhya, Wakikuyu na Wakalenjin, nataja makabila wazi kwa sababu ndani ya hiyo warsha hakuna mtu anayezungukazunguka na maneno ya "jamii fulani", utaulizwa tu kwa upole ulikuwa wapi na ni nini kilikupata.

Siku ya kwanza ni polepole sana na ukiwa mtu wa haraka utaona kama unapotezewa wakati. Viti vimepangwa duara, hakuna meza, hakuna mtu wa mbele. Kila mtu anachagua sifa nzuri inayoanza na herufi ya jina lake, kwa hiyo unapata Jasiri Joseph na Mpole Mary, na siku zote tatu unaitwa hivyo hivyo. Mzee mwenye ndevu nyeupe akiitwa Mchangamfu mbele ya watu mwanzoni anaona haya, lakini kufikia chai ya saa nne anaitikia bila shida na watu wameanza kumcheka vizuri, ile ya upendo. Alafu sheria za chumba zinaandikwa na nyinyi wenyewe kwa karatasi kubwa ya manila na kubandikwa ukutani: kinachosemwa hapa kinabaki hapa, hakuna kumkata mtu maneno, na una ruhusa ya kusema nimepita kama swali ni zito. Hiyo ya kupita ndiyo ilinishikilia pale mimi. Nilijua hakuna mtu atanivuta ulimi.

Baadaye ndio wanaingia kwa kiwewe, na hapa ndio wawezeshaji wanafanya kazi safi kabisa kwa maoni yangu, kwa sababu hawaleti maneno ya daktari, wanauliza tu: mtu aliyeona mambo mabaya unamjuaje? Majibu yanatoka kwa watu wenyewe na yanaandikwa moja baada ya nyingine, kukosa usingizi, kushtuka mlango ukigongwa, pombe, kupiga watoto bila sababu, kusahau jiko likiwaka, kukataa kupanda mahindi kwa shamba lile lile. Mama mmoja aliyekuwa ameketi mbele yangu alisema tangu Januari 2008 akisikia harufu ya godoro likiungua, hata kama ni jirani anachoma takataka tu, miguu inaisha nguvu anakaa chini hapo hapo alipo. Alisema hivyo akiangalia manila, hakuangalia mtu. Na upande wa pili wa duara kijana wa kule ambako yeye alifukuzwa akainua mkono polepole akasema hata yeye, ni harufu hiyo hiyo. Chumba kikanyamaza na hakuna mwezeshaji aliyekimbilia kujaza hiyo nafasi na hotuba ama wimbo. Walituacha tukae nayo. Nimeenda semina nyingi maishani, za kanisa, za chama, za ukulima, na sijaona penginepo watu wanaoweza kuachilia kimya kifanye kazi namna hiyo.

Siku ya pili ndio nzito, na nawaambia ukweli usiiruke hata kama kuna mazishi ama soko. Mnakaa wawili wawili, na mara nyingi unapewa mtu wa upande ule mwingine. Mmoja anaongea dakika zake, mwingine anasikiliza tu, haulizi swali, hatoi shauri, hasemi "hata mimi", hasemi hata pole. Dakika zikiisha mnabadilishana. Inaonekana kitu kidogo mpaka ukijaribu. Sisi tumezoea mtu akianza kulia unamwambia nyamaza, Mungu ako, kazana, kumbe mara nyingi tunamnyamazisha kwa sababu sisi ndio hatuwezi kuvumilia kusikia. Baba mmoja wa upande wa Turbo alihesabu mbele yetu alichopoteza: ng'ombe, nyumba ya mabati, shahada ya binti yake ambayo haikumalizika kwa sababu karo ilienda kwa kodi ya nyumba mjini, na kakake. Alimtaja kaka mwisho kabisa, baada ya ng'ombe. Mtu wa haraka angesema huyu anapenda mali kuliko ndugu, lakini ukisikiliza bila kumkata unaelewa alikuwa anapanda ngazi mpaka afike pale pagumu. Baada ya hapo mnaongea juu ya huzuni inavyokwenda, alafu hasira, ni wapi inakaa kwa mwili na inalipuka kwa nani, na wengi walikubali kwamba inalipukia watoto.

Ya tatu ni nyepesi kidogo. Kuna ile ya kufungwa macho na leso na kuongozwa na mwenzako nje ya ukumbi, kupita ngazi, nyasi, mawe, alafu mnabadilishana, na ukiwa umeshikwa mkono na mtu ambaye watu wake walichoma kwenu, mwili unajua tofauti hata kabla akili. Alafu mnachora miti miwili mikubwa kwa manila, mti wa kutoaminiana na mti wa kuaminiana. Mizizi ni sababu, matunda ni yale yanayotokea. Kwa mti wetu mbaya mizizi ilijaa mpaka ikatoka nje ya karatasi: shamba, uongo wa wanasiasa, redio, umaskini, hofu, mapigano ya kikabila ya 1992 ambayo hayakuongewa. Mzee mmoja aliongeza hapo "kunyamaza" kwa kalamu nyekundu na akarudi kukaa. Mti wa pili ulichukua muda mrefu zaidi kujaa, na mimi nasema hilo ni sawa, afadhali mti wenye majani machache ya ukweli.

Kitu kinachofanya hii warsha iwe tofauti na za NGO zingine ni wawezeshaji. Hawaji na gari kubwa kutoka Nairobi. Ni watu wa hapa, waliopitia warsha yenyewe kwanza, na wanakuja wakiwa timu iliyochanganyika, wa upande huu na wa upande ule wakiongoza pamoja. Wakati wa chai unawaona wanavyoongea wao kwa wao na hiyo peke yake inafundisha. Alawansi ya kukaa hakuna. Unapewa nauli, chai, chakula cha mchana na mwisho cheti. Najua kuna watu hili linawaudhi, mtu anaacha kibarua siku tatu, na siwalaumu kabisa, lakini naona ndio inachuja. Wanaobaki wanabaki kwa sababu ya kitu chenyewe.

Sasa lazima niseme juu ya mtu aliyechangia sana hii kazi ifike hapa, kwa sababu vijana wengi wanaohudhuria hawamjui, na ukimjua unaelewa kwa nini warsha iko hivi ilivyo. Ni mzee David Zarembka. Alizaliwa 1943 St. Louis, Marekani, akasoma Harvard, na 1964 akiwa kijana tu akaja Tanzania kufundisha wakimbizi Watutsi wa Rwanda kwa kambi ya Muyenzi kule Ngara. Fikiria hiyo, miaka 30 kabla ya 1994 yeye alikuwa ashakaa na watu waliofukuzwa, ashasikia hadithi zao. Mwisho wa miaka ya 60 akawa mkuu wa shule ya sekondari ya harambee kule Mua Hills, Machakos. Akarudi kwao, na kuanzia 1998 akawa mratibu wa African Great Lakes Initiative, ambayo ilikuwa chini ya Friends Peace Teams, vikundi vya amani vya Quaker wa Marekani. Alafu 2007 yeye na mkewe Gladys Kamonya, Mkenya na Quaker pia, wakahamia Lumakanda, hapa hapa kwetu. Miezi michache baadaye nchi ikawaka.

Hapo ndipo mimi namheshimu zaidi. Matokeo yalitangazwa tarehe 30 Desemba 2007, na Januari mosi 2008 kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret likachomwa watu wakiwa ndani. Nchi nzima zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakahama makwao. Wageni wengi waliondoka, na mtu angeelewa kabisa. Wao wawili walibaki Lumakanda, na mzee akawa anaandika kila alichokiona na kutuma kwa barua pepe kwa watu wa nje: barabara ipi imefungwa, nani amekimbilia polisi Turbo, chakula kimefika ama hakijafika, vijana wanasema nini. Wakati televisheni za nje zilikuwa zinasema tu ni vita vya makabila vya zamani, yeye alikuwa anaeleza mambo ya ardhi, ya siasa na ya vijana kukosa kazi, na alikuwa anaeleza akiwa katikati yake. Marafiki wa Kenya wakaunda Friends Church Peace Teams mwaka huo, na kazi yao ya kwanza kwa watu wengi ilikuwa kusikiliza tu. Kwenda kambini, kukaa chini, kusikiliza. Baadaye ndio warsha. Hata Mlima Elgon, baada ya yale ya kundi la wapiganaji la SLDF na operesheni ya jeshi ya Machi 2008 ambapo watu waliumizwa na pande zote mbili, HROC ilifika.

Ako na kitabu pia cha 2011, A Peace of Africa, juu ya maisha ya eneo hili la Maziwa Makuu. Kiko kwa Kiingereza na kwa sehemu kubwa anaongea na wasomaji wa kwao Marekani, kuwasahihisha wanavyotuona, kwa hiyo ukiwa mtu wa hapa kuna mahali utasema hii mimi naijua tangu nizaliwe. Lakini namna anavyounganisha Rwanda, Burundi, Kongo na sisi kama hadithi ya watu wanaojuana, si nchi nne za habari mbaya, mimi sijaipata mahali pengi. Ningependa sana kisomwe shule zetu za Marafiki, ju Kenya ndio nchi yenye Quaker wengi kuliko zote duniani, tangu wamisionari wafike Kaimosi 1902, na watoto wetu wanastahili kujua kwamba amani ni kazi yenye watu, majina na tarehe. Korona iliwachukua wote wawili, Gladys Machi 2021 na mzee siku chache baadaye, tarehe mosi Aprili. Huku Lumakanda iliuma. Warsha zinaendelea bila yeye, na kwangu hiyo ndiyo dalili kwamba alizijenga ziwe za wenyeji tangu mwanzo, hazikuwa zake.

Turudi kwa warsha, na hapa nitakuwa mkali kidogo kwa sababu naijali. Jambo la kwanza, siku tatu ni chache. Unafungua mtu siku ya pili, siku ya tatu jioni anarudi kwa nyumba ile ile, na jirani yule yule ambaye hakuwa kwa warsha na hajui chochote. Mpango wenyewe unasema kuwe na siku ya kurudi baada ya kama mwezi, na tena siku ya jamii ambapo washiriki wanasimama mbele ya kijiji na kusema walichopitia. Kwangu hizo mbili ndizo dawa yenyewe. Ile siku yetu ya kurudi niliona mambo ambayo siku tatu za kwanza hazikuonyesha, watu wawili walikuwa wameanza kuchungiana ng'ombe, mama mwingine alikuja na binti yake aketi nyuma asikilize. Mahali popote hakuna hela ya siku ya kurudi, bora hata msianze. Msifungue kidonda mkaenda.

Pili, lugha. Kiswahili kinatosha kwa wengi wetu lakini nyanya wa miaka 70 akiambiwa aeleze huzuni yake kwa Kiswahili anabaki na maneno ya soko tu. Wawekwe wawili wawili na mtu wa lugha yao wakati wa kusimulia, hata kama si wa upande ule mwingine, alafu wachanganywe baadaye.

Na tatu, hili ndilo kubwa na ndilo linaleta ile hasira niliyosema juu: hii warsha hairudishi shamba. Haikulipi nyumba. Kesi za vurugu hizo kwa mahakama ya kimataifa kule Hague ziliisha, moja 2014 na nyingine 2016, bila mtu yeyote kufungwa kwa yale yaliyotupata, na watu wanaingia ukumbini na hilo deni kifuani. Rwanda angalau kulikuwa na gacaca, zile mahakama za kijijini za kesi za mauaji ya 1994, na Marafiki huko walifundisha majaji wa gacaca kupitia mpango wao mwingine wa AVP (Alternatives to Violence Project, wa kufundisha watu njia zisizo za vurugu), kwa hiyo uponyaji na haki vilitembea pamoja hata kama kwa shida. Sisi hatukupata hivyo. Mtu alituuliza siku ya tatu, nimemsamehe sawa, na shamba je? Mwezeshaji hakumdanganya. Alisema hana jibu la shamba, na akaandika swali kwa manila likabaki hapo ukutani mpaka tukamaliza. Nilipenda hiyo. Lakini serikali isije ikafikiri watu wakipewa leso na manila mambo yameisha.

Wengi wanachanganya HROC na AVP kwa hiyo niseme kidogo. AVP ilianza 1975 kwa gereza la Green Haven, jimbo la New York, wafungwa wenyewe wakiomba Quaker wawasaidie kufundisha vijana njia zingine mbali na vita, miaka michache tu baada ya maafa ya gereza la Attica ya 1971. Ni ya mazoezi mengi, michezo ya kuamsha mwili, maigizo ya ugomvi, na ina ngazi tatu, ya tatu inakufundisha uwe mwezeshaji. Kwa kijana wa bodaboda mwenye damu moto, ama mume na mke wanaogombana, ama shule yenye migomo, mpeleke AVP. Kwa mtu aliyeona kitu ambacho hakiondoki kwa macho yake, huyo ni wa HROC. Na kama mtu anasikia sauti, ama anataka kujitoa uhai, hata moja kati ya hizi haitoshi, huyo anahitaji daktari wa akili kwanza na wawezeshaji wazuri watakwambia hivyo wenyewe.

Kama umeitwa, hivi ndivyo ningefanya. Nenda na leso yako, vaa viatu vya kutembea nyasini, na usimchukue mtoto anayeelewa maneno, kwa sababu atasikia vitu visivyo vyake. Waambie wa nyumbani kwamba siku ya pili utarudi umechoka na wasikuulize maswali usiku huo. Usipange kazi ngumu kesho yake. Kama wewe ni mchungaji ama mzee wa kijiji, acha cheo mlangoni, nimeona mchungaji mmoja akiongea kama yuko madhabahuni na ilichukua nusu siku kabla watu wamwamini. Na kabla hujakubali kuandikwa jina, waulize siku ya kurudi ni lini na nani atalipia chai ya siku hiyo. Wakikupa tarehe, iandike na upange usiende popote.